Tarumbeta Nimelirudisha

Dada Odilia,

Saa hizi ninavyokuandikia nimeshalirudisha tarumbeta chumba cha bendi, nimelitundika kwenye ndoano yake, nimefunga mlango, nimerudi kwa Bibi kwa miguu, na bega la kushoto limekuwa jepesi mpaka natembea upande. Lakini naona nimekuvamia kama mtu anayeingia bila hodi. Nisamehe. Shikamoo, Dada. Hujambo huko San Antonio? Shemeji hajambo, na mtoto ameshaota meno? Bibi anakusalimu sana, yeye mzima isipokuwa goti. Joto la mwaka huu hapa kwetu Bondeni mpakani usiulize, mbwa wa jirani anashinda kalala ndani ya beseni la kufulia na hakuna anayemfukuza. Mimi mwili mzima. Kuhusu mambo mengine ndo maana nimekaa niandike.

Unajua mimi kuandika siwezi. Dada yetu Imelda ndo angekuandikia vizuri. Wewe soma tu kama vile unanisikia naongea, tena naongea polepole.

Hii habari ilianza mwezi wa nne, ila mimi sikujua kama imeanza. Imelda alikwenda kujaribiwa kuwa kamanda wa bendi, yule anayesimama juu ya ngazi ya chuma mbele ya uwanja, anapunga mikono na watu wote wanamwangalia yeye. Wiki nzima alikuwa anapunga mikono mbele ya kioo cha bafuni, Mama anagonga mlango kwamba wengine nao wanataka kuoga. Kwa siku tatu akasema majibu bado, halafu akarudi nyumbani, akachukua kisu, akaanza kukata vitunguu. Mama akamuuliza vipi. Akasema amepewa Baldemar, wa mwaka wa mwisho, haki yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sisi tukaona ni vitunguu.

Mwezi wa tano Mwalimu Barrientos wa bendi akanisimamisha kwenye korido. Mimi mwalimu akinisimamisha huwa najua ni kwa nini, nikaanza kutafuta uongo wa kumwambia. Kumbe anataka kunialika. Alisema ana tarumbeta kubwa la kuvaa, lile linalomzunguka mtu mwilini na mdomo wake unatokea juu ya kichwa, na aliyekuwa analibeba anamaliza shule. Akaniangalia mabega. Nikamwambia mimi noti sisomi, hata vitabu vyenyewe nasoma kwa taabu. Akasema kusoma mtu anafundishwa, mabega hafundishwi. Dada, nilitembea kutoka pale kama mtu aliyepewa mkate wa moto, sijui niushike wapi.

Si unajua shule ilivyo kwangu. Kila mwaka tunaondoka kabla haijaisha na kurudi ikiwa imeshaanza siku nyingi, wananiweka tena na watoto. Nina miaka kumi na saba, nakaa na wa kumi na nne, magoti hayaingii chini ya dawati. Wananiita Babu. Anapoulizwa mtu swali namwangalia aliyejibu, nakariri alichosema, basi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisimamisha koridoni akisema ananihitaji.

Nilipomwambia Imelda alirukaruka, akanishika masikio, akasema sasa nyumba itakuwa na kelele ya juu, ya klarineti yake, na kelele ya chini. Nilimwamini.

Halafu ikaja jioni ya mazungumzo ya safari. Baba alikuwa ameshapaka lori mafuta, kwa hiyo tulijua. Mimi nikajikaza nikasema kambi ya bendi inaanza mwezi wa nane, na ambaye hayupo kambini hapangiwi nafasi uwanjani, na asiyepangiwa nafasi mwezi wa nane hana bendi mwaka mzima. Nilisema kwa pumzi moja nikiangalia sahani. Baba akaendelea kula. Baadaye akasema kama alivyosema siku zote, kwamba yule mzee Vandermolen mwenye shamba la matango kule Michigan anatoa chumba chenye jiko kwa familia yenye watu watatu wa kazi. Wakiwa wawili wanalala kwenye lori, na Mama na mgongo ule halali kwenye lori. Kwa hiyo mmoja anaweza kubaki kwa Bibi. Wawili hapana.

Mimi nikajua basi, kwisha. Imelda ana miaka miwili kwenye bendi, na yote miwili ndiye aliyebaki, mimi nina wiki mbili. Nikarudisha macho kwenye maharage. Ndo Imelda akasema, huku anachana mkate wa tortila, "Abaki Nazario. Mimi bendi imenichosha."

Baba akamuuliza imemchosha nini.

"Jua," akasema.

Tukacheka wote, maana huko anakokwenda kuna nini kama si jua. Mama peke yake hakucheka. Mimi niliona kwamba hakucheka. Naona vitu vyote, Dada, ila sijui kuviunganisha.

Wakaondoka mwezi wa sita. Mimi nikabaki kwa Bibi, asubuhi nasaidia kwenye banda la kupakia matikiti, saa za jioni naenda kwenye uwanja wa magari wa shule kwa maandalizi ya wageni, yaani sisi tusiojua kitu. Mkubwa wa matarumbeta makubwa ni msichana anaitwa Yadira, kimo chake kinanifika kwenye kifungo cha pili cha shati, na mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza nilivaa tarumbeta kinyume. Akanizunguka kama mtu anayenunua farasi, akauliza, "Babu, wewe umelibeba, au lenyewe limekubeba?" Wakafa kwa kicheko. Lakini alinifundisha. Alipoona noti zinanipita kama magari, akaacha karatasi akawa ananiimbia sehemu yangu, bum hapa, bum pale, nyamaza, bum mbili, na mimi nikawa naikamata. Kuimba naweza kukumbuka. Tena akiniimbia mara moja haitoki.

Kutembea ndo kulinitesa. Unaweka kisigino kwanza, unakunja wayo polepole mpaka kidole, ili mdomo usitikisike na sauti isipasuke. Na huruhusiwi kuangalia chini. Wamebandika alama za utepe kwenye lami, kila mtu ana yake, unatakiwa ufike pale bila kuitazama, kwa kumwona tu jirani kwa pembe ya jicho. Mimi maisha yangu yote nimeangalia chini. Tango halioti juu. Yadira alikuwa anatembea nyuma yangu na fimbo ya ufagio, nikiinamisha shingo anaigonga fimbo kwenye shaba, ngoo, kichwa kizima kinalia kama kengele ya misa. "Huko chini umepoteza nini, Babu? Kuna matikiti?"

Usidhani nalalamika. Nilikuwa naamka kabla ya Bibi. Nilinunua dumu la maji la plastiki, nikaandika jina langu juu kama wengine, nikakata mikono ya fulana ya zamani ya Baba. Jioni moja tulipita mstari mzima, wageni na wenyeji pamoja, nikafika kwenye utepe wangu bila kuangalia, na sauti zetu za chini zikatoka zikanipanda kutoka kwenye lami mpaka kifuani. Yadira akanisogelea. Alinipa tu barafu yake ya kusagwa, ilikuwa imebaki nusu, ya ndimu. Nilikula mpaka meno yakafa ganzi.

Sasa Baldemar. Si mtu mbaya, lakini kule juu ya ngazi anateseka. Mikono inachelewa. Wapiga ngoma wanakwenda zao, matarumbeta yanakwenda yao, yeye katikati kama mtu anayefukuza nyuki. Juzi Jumanne akatupoteza mara nne kwenye wimbo mmoja, tukagongana, mtoto mmoja wa filimbi akaangukia dumu langu likapasuka. Watu wakakaa chini kwa hasira, na mmoja wa wapiga ngoma akasema kwa sauti kwamba Imelda asingefanya hivi.

Mimi nikasema Imelda hakupata.

Wakaniangalia. Dada, najua wanavyoniangalia watu ninaposema jambo la kijinga, nimezoea. Safari hii hawakuniangalia hivyo. Waliniangalia kwa huruma. Yadira akanyanyuka akaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Nikamfuata nikamuuliza. Akasema nikamuulize Mwalimu. Nikamwambia nakuuliza wewe, wewe una mdomo siku zote, leo umeenda wapi. Ndo akasema, "Imelda ndiye aliyechaguliwa, Babu. Bendi nzima inajua. Tulidhani nawe unajua, ila unaona aibu."

Nikaenda kwa Mwalimu Barrientos hivyo hivyo na tarumbeta mwilini, nikakwama mlangoni, ikabidi nirudi nyuma nilivue. Alikuwa anapanga viatu vyeupe kwa saizi. Nikamuuliza mara moja tu. Yeye si mtu wa kudanganya, alikaa kwenye sanduku la ngoma akanieleza yote. Kwamba Imelda alichaguliwa, na yeye mwenyewe alimpa mkono. Kwamba baada ya siku tatu Imelda akarudi, akafunga mlango, akasema anaiachia nafasi.

"Akaniambia, mwaka huu familia itamwacha mmoja tu," Mwalimu akasema. "Akasema kaka yangu asipopata kitu cha kumshika hapa shuleni, mwezi wa kumi harudi. Mpokee yeye, mimi naondoka. Nikamwambia hapa hatubadilishani watu kama mabeberu sokoni. Akasema, sawa, lakini si mnahitaji mtu wa kubeba tarumbeta kubwa? Kaka yangu ana mabega."

Unaona hapo, Dada? Mabega. Hata lile neno la koridoni halikuwa lake. Alipewa na Imelda akalileta kwangu kama salamu.

Halafu Mwalimu, kwa wema tu, akaongeza kwamba nimefanya vizuri kuliko alivyotegemea. Nikamwambia asante. Nikainama nikamsaidia kupanga viatu mpaka vikaisha, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kutoka mle ndani.

Nikaja nikamwambia Bibi. Bibi alikuwa anachambua maharage, hakunyanyua kichwa. Akasema mtoto wa watu amekupa kitu, kipokee, usimwaibishe. Kumbe na yeye anajua. Mama anajua, ndo maana hakucheka. Baba nadhani anajua, maana Imelda akisema jambo mbele ya Baba, Baba huwa anauliza maswali matano, siku ile aliuliza moja. Sasa nakuuliza na wewe. Ulipotuma soksi nyeupe mwezi wa tano, ulituma jozi moja, saizi yangu. Miaka yote ukituma kitu unatuma viwili, ili tusigombane. Niliziona zile soksi nikafikiri labda safari hii hela ilikuwa ndogo. Ulijua, Dada. Usinijibu kwa barua, utaniambia siku tukionana, tena ukiniangalia.

Mnanipenda, hilo nalijua. Lakini mmekaa mkanipanga kama zile tepe za kwenye lami, kila mtu anajua nafasi yangu isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyeambiwa nisiangalie chini. Nilikuwa natembea nimenyoosha shingo, najiona, nimechaguliwa. Watoto wote wanaona nimesimama juu ya mgongo wa nani. Na kule Michigan yeye ameinama anachuma matango ya achari, vidole vile, Dada. Umeona mtu anayechuma matango mwezi mzima, mikono yake inavyokuwa? Ile miiba midogo inaingia chini ya ngozi, mpaka kushika kijiko ni kazi. Klarineti ataishika na nini?

Jana nikapiga simu kule kwenye duka la kambi ya wachumaji. Akaja Mama. Nikamwambia namtaka Imelda, akasema yuko shambani bado, safu zao ni ndefu mwaka huu.  Nikamwambia basi, mwambie nimesalimia.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Leo asubuhi nimemwambia Mwalimu nalirudisha tarumbeta. Nimemuuliza kama Imelda akifika kabla ya Jumatatu ile ya kambi, ngazi ni ya nani. Amesema ni yake, na Baldemar mwenyewe atafurahi kuliko wote. Hakunizuia sana. Alishika kichwa, akasema michoro yote ya uwanjani ameshaichora na hawezi kuichora upya, kwa hiyo mahali pangu hatamweka mtu. Litabaki pengo. Bendi itatembea inalizunguka msimu mzima, na watakaokaa majukwaani wataona kishimo kinahama nao, wasijue ni cha nani. Yadira alikuwa amesimama nje. Nilidhani atatania. Akasema tu, "Huko utatembeaje?" Nikamwambia kama zamani. Akaondoka bila kuniaga.

Mjomba Chano anapeleka vitunguu Chicago, ananichukua mpaka hapo, na kutoka hapo mtoto wa dada yake atanifikisha shambani. Jumapili nikifika nitasimama mbele ya Baba na Imelda, niseme tuko wanne sasa, chumba kinataka watatu, na mimi sirudi. Imelda atabisha, unamjua. Atalia, atasema amechoshwa na bendi, ataniita mjinga. Nimeshajiandaa kuitwa. Kwa kubisha atanishinda, lakini kwa kukaa hanishindi. Nitakaa kwenye safu yake na ndoo yangu, na yeye akija nitakuwa nimeshaichuma. Siku mbili tatu atachoka. Atapanda basi Jumatano au Alhamisi, na Ijumaa au Jumamosi basi litasimama hapo kwenu San Antonio. Nenda stesheni, Dada. Nenda siku zote mbili. Mpe chakula, mpake mafuta mikononi, mlete mwenyewe mpaka kwa Bibi, maana akiachwa stesheni peke yake anaweza kugeuza. Hili ndo ombi langu.

Na kuna jambo moja nataka ulijue wewe peke yako, kwa sababu huko kote nitakakopita watasema Nazario ana moyo mzuri, amemrudishia dada yake. Bibi ameshaanza kusema, amewasha na mshumaa. Siyo kweli. Siendi kwa wema, Dada. Naenda kwa hasira. Kama ingekuwa wema ningekuwa nafurahi. Nilikipenda kile kitu kuliko chochote nilichowahi kushika, na kama Imelda angeniambia ukweli tangu mwezi wa nne, akaniomba nikubali, nadhani ningekubali, ningemwacha aende kwenye matango na ningevaa tarumbeta kila siku bila kulala vibaya. Hicho ndicho kinachoniuma. Kwamba ningekubali. Hakuniuliza kwa sababu alinijua, akataka nisijione nilivyo.

Sasa nimejiona. Kwa hiyo siwezi kumtazama mpaka nimrudishie chake, na hata nikimrudishia sijui kama nitaweza kumtazama. Shule usiniulize. Mwezi wa kumi ukifika nitaona, lakini usimwambie Imelda kwamba nimesema nitaona. Mwambie nimesema nitarudi.

Msalimie Shemeji, mwambie mpira atautazama peke yake mwaka huu. Mbusu mtoto. Bibi anasema usisahau kwenda kanisani, na mimi nasema usisahau stesheni. Soksi nimeziacha kwa Bibi, hazijavaliwa. Zinaweza kumfaa Imelda akikunja kisigino.

Mjomba Chano ameshapiga honi mara mbili, na Bibi ametoka kumwambia asubiri, lakini vitunguu havisubiri, jua likipanda vinaanza kunuka ndani ya turubai na Chicago watavikataa. Anataka tuwe tumevuka kituo cha ukaguzi cha Falfurrias kabla ya saa nne. Naacha hapa, ni lazima niende.

Mdogo wako,
Nazario